Wosia Usiotamkika: Mzazi Mgonjwa katika Ushairi wa Kiswahili na Uuguzi wa Voi na Taita

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo, kwa kadiri nionavyo, wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamelipita mbio, nalo ni nafasi ya mzazi mgonjwa katika ushairi wetu. Hasa mzazi ambaye maradhi yamemwondolea kauli kabla ya kumwondolea uhai. Hoja nitakayoitetea ni hii: ushairi wetu mkongwe umemchora mzazi anayeugua akiwa na akili timamu na ulimi mwepesi. Mzazi huyo humwita mwanawe, humkalisha karibu, humpa wosia, kisha humwachia radhi. Picha hiyo imetulea vizazi vingi na sina nia ya kuibeza. Hata hivyo, imeyafanya maneno ya mwisho ya mzazi kuwa ndiyo kilele cha uhusiano wake na mwanawe, na kwa kufanya hivyo imewaacha bila msaada wale wanaouguza wazazi ambao maneno hayo hawatayasema kamwe.

Mifano ya maisha nimeichukua Voi na katika milima ya Taita. Sababu ni mbili. Kwanza, mahali hapo ninapajua, kwa kuwa nami nimo miongoni mwa wanaomuuguza mzazi huko. Pili, Voi ni njia panda ya lugha, na kama itakavyoonekana, maradhi ninayoyazungumzia ni maradhi ya lugha pia. Nitaanza kwa kuutazama utanzu wa wosia, kisha nieleze kwa ufupi maradhi yenyewe, halafu nitazame hali ya Voi, suala la radhi, na msamiati tunaoutumia. Mwisho nitaonyesha kwamba ushairi wetu unayo pia maumbo mengine yanayofaa zaidi, ila hatujazoea kuyasoma kwa jicho hilo.

2. Mzazi Mwenye Kauli

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate. Alikuwa mgonjwa alipoutunga utendi huo wa beti 102 kwa ajili ya binti yake. Katika kuuhakiki, wasomi wengi wameshughulikia mafunzo ya ndoa. Jambo hilo halishangazi, kwa maana Alice Werner na William Hichens walipouchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, hata jina walilolipa chapisho lao lilihusu wajibu wa mke. Tangu hapo mjadala umekuwa ni kama utendi huu unamkandamiza mwanamke au unamfundisha hekima ya kujikinga katika nyumba ya mume.

Mimi nataka kurudi mwanzo kabisa wa utendi, kwenye jambo ambalo mjadala huo hulikanyaga bila kulitazama. Mama anaeleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, na kwamba katika muda huo hakupata kutamka neno jema la kumwambia mwanawe. Ndipo anapomtaka asogee karibu na wino na karatasi. Yaani kabla ya wosia kulikuwa na mwaka wa kimya. Utendi wote unaanza pale kimya hicho kinapokoma.

Ni haki kuuliza: katika mwaka ule binti alikuwa akifanya nini? Nani aliyempa mama maji, aliyemgeuza ubavu, aliyefua nguo zake? Utendi hausemi. Haukuwa na sababu ya kusema, kwa kuwa msemaji ni mama, na mama anaitazama kesho ya mwanawe. Lakini tukumbuke kwamba ndani ya utendi huohuo mama anazitaja radhi tano ambazo mwanadamu anazihitaji: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Radhi ya mume inafafanuliwa kwa beti nyingi. Radhi ya mama, ambaye ndiye aliyelala kitandani na ndiye asemaye, haifafanuliwi jinsi ipatikanavyo. Inachukuliwa kuwa imo katika kule kusema kwenyewe.

Shaaban Robert (1909–1962) aliufuata mkondo huohuo karne moja baadaye. Utenzi wa Hati aliuelekeza kwa binti yake, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Kwa tungo hizi utanzu wa wosia ulithibitika kuwa nguzo ya ushairi wetu wa kisasa, na vitabu vya shule vikaupokea. Mwanafunzi wa Kenya au Tanzania anayemaliza masomo ya sekondari anajua kwamba mzazi huaga kwa maneno.

Hata sheria imeegemea dhana hiyo. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inakubali wosia wa mdomo uliotolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini kwa sharti kwamba mwenye kuutoa afariki katika muda wa miezi mitatu. Mtunga sheria naye alimwona mzazi aliye ukingoni, mwenye sauti, ambaye neno na kifo vyake vimekaribiana. Mzazi anayefifia kwa miaka kumi hakumwona.

3. Maradhi Yachukuayo Kauli

Ili hoja isiwe ya hewani, yafaa kueleza maradhi yenyewe. Mwaka 1817 daktari Mwingereza, James Parkinson, aliandika juu ya ugonjwa wa kutetemeka ambao baadaye ulipewa jina lake. Katika ugonjwa huo, chembe za sehemu fulani ya ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini hufa kidogo kidogo. Mkono hutetemeka, mwili hukakamaa, hatua hufupika. Uso nao hukauka hata mtu akaonekana hana furaha wala huzuni, ilhali moyoni anazo zote mbili. Sauti hushuka ikawa mnong'ono. Kwa wagonjwa wengi, miaka ikipita, fahamu nazo hupungua. Ugonjwa wa pili ni ule ambao Alois Alzheimer, daktari Mjerumani, aliueleza mwaka 1906. Huo huanza kwa kumbukumbu: mambo ya jana hutoweka kwanza, ya ujanani hubaki, kisha maneno hupotea, na mwishowe hata uwezo wa kumeza. Yote mawili yana dawa za kutuliza, hasa la kwanza, lakini hakuna dawa ya kuyaondoa.

Mtu asidhani kwamba haya ni maradhi ya Ulaya. Ng'ambo ya mpaka wa Taveta, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, iko wilaya ya Hai. Huko watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika watu 161,071 na kuwapata wagonjwa 33 wa Parkinson. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wamepata kutambuliwa na daktari yeyote kabla ya hapo. Utafiti mwingine wa wilaya hiyohiyo, uliotolewa mwaka 2013, uliwachunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, ukakadiria kwamba kiasi cha asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa wa kupotewa na fahamu. Wenyeji walipoulizwa juu ya Parkinson waliuita kwa lugha yao ya kila siku ugonjwa wa kutetemeka. Baadhi waliuona kuwa ni uzee tu, na baadhi waliushuku uchawi.

Kwa mhakiki wa fasihi, jambo la kuzingatia ni muda. Utanzu wa wosia umejengwa juu ya maradhi yenye mwanzo na mwisho ulio karibu, mgonjwa akiwa yuleyule tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Maradhi haya hayana saa ya kuaga. Mtoto humpoteza mzazi kwa vipande, na siku ambayo mzazi alisema neno lake la mwisho lenye maana hupita bila mtu kujua kwamba ndiyo siku hiyo.

4. Voi: Mji wa Lugha Mbili

Voi ni mtoto wa reli. Njia ya gari la moshi kutoka Mombasa ilipita hapo mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Katika Vita Vikuu vya Kwanza ikaongezwa njia ya kwenda Maktau na Taveta kwa ajili ya kusafirisha majeshi. Baadaye yakaja mashamba ya mkonge ya Mwatate, mbuga za Tsavo, barabara kuu, na mwaka 2017 reli mpya. Watu waliteremka kutoka Dabida, Sagalla na Kasigau kutafuta kazi. Wengine walitoka Ukambani, Ugiriama, Pwani na bara. Lugha iliyowaunganisha ni Kiswahili. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Voi alilelewa kwa Kiswahili, na Kidawida akakisikia kwa bibi wakati wa likizo milimani. Tumezoea kulisifu jambo hili katika vitivo vyetu, na ni haki kulisifu, maana ndivyo taifa linavyojengwa.

Lakini tazama mgonjwa akirudi nyuma. Imeonekana katika nchi nyingi kwamba mtu mwenye lugha mbili anaposhikwa na maradhi ya kupotewa na fahamu, mara nyingi lugha aliyojifunza ukubwani huondoka mapema, na ile ya utotoni huchelewa kuondoka. Mzee aliyefanya kazi miaka thelathini katika reli au mkonge, aliyewalea wanawe kwa Kiswahili, anarudi katika Kidawida cha milima ya utotoni mwake. Mwanawe aliye Voi hana Kidawida cha kumfuata huko. Basi wanaketi chumba kimoja, mzazi akisema na mtoto asielewe, na baadaye mtoto akisema na mzazi asielewe. Hata pale ambapo wosia ungeweza kutamkwa, unatamkwa katika lugha ambayo mrithi hanayo.

Nimelishuhudia hilo nyumbani kwetu. Neno moja ambalo baba amelirudia kwa wiki nzima lilihitaji shangazi apande matatu kutoka Wundanyi aje kulifasiri. Lilikuwa jina la kijito. Alikuwa anataka maji ya mahali fulani, na sisi tulikuwa tukimpa dawa ya maumivu.

Kwa mwalimu wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Tumekuwa tukisema kwamba lugha ya taifa na lugha za jamii hazigombani. Kitanda cha mgonjwa kinatuonyesha gharama ya kuisema kauli hiyo bila kuitekeleza. Aliyeacha kumfundisha mwanawe Kidawida hakujua kwamba siku moja atakihitaji ili aombe maji.

Liko pia suala la kazi. Fasihi ya wosia hutuonyesha mzazi na mwana tu, kana kwamba katikati yao hakuna jasho. Kuuguza ni kazi, tena nzito: kunyanyua, kuogesha, kulisha kwa kijiko, kukesha. Taita, kama kwingineko, kazi hiyo huangukia binti, mke wa mwana, au mjukuu wa kike aliyekatizwa masomo, huku wana wa kiume wakituma fedha kutoka Mombasa au Nairobi na kuja kutoa maagizo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zake na kwa serikali. Mwaka 2018 ulianza mpango wa kuwapa wazee wote wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini mzigo wa usiku bado ni wa mtu mmoja, na mtu huyo bado hana utenzi.

5. Radhi, Hasira na Ulimi wa Mgonjwa

Sasa nifike kwenye kiini cha suala. Mgonjwa wa aina hii hasemi tu mambo yasiyoeleweka. Pengine husema mabaya. Humtukana amlishaye. Humwita mwizi. Humlaani. Je, laana hiyo ni laana?

Swali hili si dogo katika utamaduni wa Pwani wala wa Taita. Kwa Mswahili, kukosa radhi ya mzazi ni msiba wa dunia na akhera. Kwa Wadawida wa zamani, kama alivyoeleza Grace Harris katika kitabu chake cha mwaka 1978 juu ya dini yao, hasira iliyofichika moyoni mwa jamaa, hasa mkubwa, ndiyo iliyoaminika kuleta ugonjwa, ukame na kukosa uzazi. Dawa yake ilikuwa kutasa: mtu hupiga funda la maji ya muwa au pombe, akalipuliza kwa midomo, akatamka kwamba ameiachilia hasira yake na kuwatakia watu amani na uzima. Bila kutamka hakuna kutasa. Mdomo ndio mlango wa hasira kutoka.

Msomaji ataona jinsi mila hizi mbili, ambazo kwa asili na imani ni mbali na mbali, zinavyokutana mahali pamoja. Zote zimeweka amani ya mtoto katika ulimi wa mzazi. Mzazi asiyeweza tena kutamka anamwacha mwanawe katika shaka: hasira yake imetoka, au imo? Radhi yake ipo, au haipo? Wauguzi wengi huibeba shaka hii kwa miaka, tena mara nyingi bila kuisema, kwa kuogopa kuonekana wanamhukumu mgonjwa.

Jawabu la haraka ni kwamba maneno ya mgonjwa ni ya maradhi, si yake. Dini ya Kiislamu inafundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa asiye na akili hadi akili imrudie, na busara ya kawaida inakubaliana na hilo. Lakini jawabu hili lina ncha mbili. Siku moja mgonjwa humtukana mwanawe, siku ya pili humwambia neno tamu. Tukisema kwamba tusi ni la maradhi, tuna haki gani ya kusema kwamba tamu ni la mzazi? Muuguzi hawezi kuokota yale yampendezayo na kuyatupa mengine, akadai kwamba ametenda haki.

Kwa maoni yangu, njia ya kutoka ni kuacha kuitafuta radhi katika maneno peke yake. Radhi kwa asili yake ni kuridhika, na mtu huridhika kwa mwili mzima. Mgonjwa aliyetukana asubuhi, jioni akakubali kijiko kutoka mkono uleule, au akalala baada ya kugeuzwa, ameonyesha jambo ambalo ulimi wake hauwezi tena kulisimamia. Utanzu wa wosia haujui kulisoma jambo hilo. Hapo ndipo upungufu wake ulipo.

6. Msamiati Tunaoutumia

Kabla ya kuendelea na ushairi, yafaa kuyatazama maneno ya kila siku, kwa sababu ndiyo malighafi ya mtunzi. Kiswahili kina kitenzi kizuri ambacho sasa hakisikiki sana, yaani kupiswa: kupungukiwa na akili kwa sababu ya uzee mwingi. Tuna pia kurukwa na akili, kupotewa na fahamu, kushikwa na maradhi, kupatwa. Vitenzi hivi vyote vimo katika kauli ya kutendwa. Mtu hakufanya neno, amefanyiwa. Katika kurukwa na akili, akili ndiyo iliyoruka, mwenyewe amebaki hapo alipo. Sarufi yenyewe inamtetea mgonjwa.

Hatari huanza tunapotoka kwenye kitenzi na kuingia kwenye nomino. Mwehu, kichaa, mchawi: hapa jambo lililompata mtu limekuwa ndilo mtu mwenyewe. Wala si suala la maneno matupu. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mzee anayetangatanga usiku, asiyewatambua watu wa nyumbani, anayezungumza peke yake, yumo katika hatari zaidi pale ambapo jamii haina neno la ugonjwa wake ila lina neno la kumhukumu. Ndiyo maana nasema kwamba kulifufua neno kama kupiswa, na kulitumia kwa heshima katika zahanati na redio, ni kazi ya mwanaisimu yenye faida ya moja kwa moja.

Vilevile hatuna budi kuipima hekima ya methali. Husemwa kwamba mgonjwa haulizwi uji. Kwa homa ya siku tatu methali hii ni ya kweli: mpe, usimngoje aombe. Lakini kwa maradhi ya miaka kumi, kutomwuliza mtu ni kumfuta. Tena uji wenyewe una masharti: mgonjwa ambaye koo limelegea hupaliwa na kilicho chepesi, akameza kwa usalama zaidi kilicho kizito. Huyu ni wa kuulizwa kila siku, hata kama atajibu kwa kufumba mdomo tu.

Usemi mwingine ni kwamba mzee amerudia utoto. Usemi huu una huruma ndani yake, lakini unapotosha. Mtoto anaongeza, mzee anapunguza. Mtoto hana jana. Mzee anayo jana ndefu, hata kama ameipoteza, na sisi tunaijua kwa niaba yake. Anayemwona mzazi kuwa mtoto huacha kumwamkia. Mtoto haamkiwi shikamoo.

Mwisho, tazama kitenzi kuuguza. Kimetokana na kuugua, na kwa umbo kinafanana na vitenzi vya kusababisha, kama kuongoka na kuongoza, kupungua na kupunguza. Lakini anayeuguza hasababishi ugonjwa. Huuandama pamoja na mgonjwa, akauchukua upande wake. Lugha imetambua kwamba kuna namna ya kushiriki ugonjwa bila kuwa mgonjwa. Ni ajabu kwamba ushairi wetu haujafanya hivyo kwa kiasi hicho.

7. Maumbo Mengine Tuliyo Nayo

Nimesema kwamba ushairi wetu haukosi maumbo yanayofaa. Nitataja mawili.

La kwanza ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Mtunzi anazitazama nyumba za matajiri wa Pate zilizokuwa na taa na vyombo vya thamani. Sasa madaka yaliyowekwa vyombo vya kaure yamekuwa viota vya ndege, na popo wananing'inia ndani. Tumezoea kuusoma utungo huu kama mahubiri juu ya ubatili wa dunia, na hapana shaka ndivyo ulivyokusudiwa. Lakini anayemuuguza mzazi aliyepiswa huikuta humo hali yake: kuta zimesimama, milango ni ileile, aliyekuwa akiishi ndani hajulikani aliko. Mshairi haondoki mbele ya nyumba hiyo. Anaitaja sehemu kwa sehemu, kwa kukumbuka kila kitu kilivyokuwa na kilivyo. Kutaja huko ni namna ya uuguzi. Upungufu wake kwa kazi yetu ni mmoja: mtunzi anaifanya magofu kuwa funzo juu ya kiburi cha waliopita. Maradhi ya ubongo si adhabu ya kiburi, wala mzazi mgonjwa si mfano wa kuwaonya watu. Basi tuchukue jicho la Al-Inkishafi, hukumu yake tuiache.

La pili ni kisa cha Fumo Liongo, kilichotungiwa utenzi na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, na ambacho kilikuwa kikisimuliwa tangu zamani. Liongo alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, akaenda hadi kisimani, akapiga goti, akautia mshale upindeni, akafa hali hiyo. Watu wa mji walimwogopa, wasiweze kuteka maji. Wakamwomba mama yake aende akamsihi. Mama akaja siku kwa siku, akasimama mbali, akambembeleza mwanawe atulie, asijue kwamba anasema na asiyesikia, mpaka mwili ulipoanguka.

Kisa hiki kimehakikiwa sana kuhusu ushujaa, usaliti na utawala. Sijaona kikisomwa kama kisa cha uuguzi, na hali mama yule anafanya kile hasa afanyacho muuguzi wa Voi kila asubuhi. Mwili uko wima, macho yanatazama, jibu haliji. Anasema hata hivyo. Hasemi kwa kutarajia wosia. Hasemi ili apewe radhi. Anasema kwa sababu yule ni wake. Katika kisa hiki mkondo wa maneno umegeuzwa: hayatoki tena kwa anayekufa kwenda kwa anayebaki, bali yanatoka kwa anayebaki. Umbo hili ndilo lililokosekana katika utanzu wa wosia, nalo limo katika hazina yetu yenyewe.

Mtu aweza kupinga kwamba mama wa Liongo hakujua, na muuguzi anajua. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini ndiyo inayompa mtunzi wa leo kazi ya kufanya: kumtunga msemaji ambaye anajua kwamba hatajibiwa, na bado anasema. Mtoto anayeingia chumbani na kusema shikamoo, akangoja kwa muda ule ambao marahaba ingechukua, kisha akaanza kumwosha mzazi wake uso, ametunga tayari ubeti wa utenzi huo. Kungoja kule ndiko heshima. Angeacha kungoja, shikamoo yake ingekuwa kelele tu.

8. Hitimisho

Katika makala haya nimejaribu kuonyesha kwamba utanzu wa wosia, pamoja na utukufu wake, umeiweka thamani ya mzazi anayeugua katika kauli yake, na kwamba maradhi yaondoayo kauli yanaufichua udhaifu wa msingi huo. Nimeonyesha pia kwamba dhana ya radhi kwa Waswahili na dhana ya kutasa kwa Wadawida zinaelemea ulimi kwa namna inayowatesa wauguzi, na kwamba njia mojawapo ya kuwatua mzigo ni kuisoma radhi katika matendo ya mwili.

Kutokana na hayo nina mapendekezo matatu. Kwanza, Utendi wa Mwana Kupona ufundishwe kuanzia kwenye ule mwaka wa kimya, ili mwanafunzi ajiulize nani aliyekuwa akimuuguza mama kabla ya wino kuletwa. Pili, wanafunzi wetu wanaokwenda kukusanya fasihi simulizi Taita wasitafute ngano na nyimbo za harusi peke yake. Wakusanye pia maneno ambayo wauguzi huwaambia wagonjwa wasiojibu: bembelezi, maombi, utani, hadithi za mahali. Hiyo ni fasihi, na hakuna anayeiandika. Wakusanye kwa Kidawida, Kisagalla na Kitaveta, pamoja na tafsiri ya Kiswahili, kwa sababu kila mzee anayepotewa na Kiswahili anarudi huko, na mtu wa kumfuata lazima awepo. Tatu, watunzi wetu wa tenzi wampe nafasi binti aliyekesha. Kwa miaka zaidi ya mia moja na sitini tumemsikia mama akisema na binti akiandika. Ni wakati sasa wa kumsikia binti, naye amwambie mama yake yale aliyokuwa akiyaona katika mwaka ule.